Sura ya Tano: Mwali, Bweni na Barabara ya Bagamoyo

Katikati ya miaka ya 1960 Bunju ilikuwa kijiji cha Wazaramo, chenye minazi, mikorosho na mashamba ya muhogo, mbali kabisa na kelele za Dar es Salaam. Wakati huo alihamia huko mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, ambaye alikwisha kukaa Tanganyika tangu miaka ya 1950 akifundisha walimu wa kike. Aliishi kati ya wanawake wa Bunju, akafuata ngoma zao, misiba yao na uganga wao, na mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya mila za Wazaramo katika jamii iliyokuwa inabadilika. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inamhusu mwali.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa mwali ni nani, lakini vijana waliokulia kwenye nyumba za kupanga za Tegeta na Boko huenda wamelisikia jina tu. Msichana alipovunja ungo, aliwekwa ndani. Hakutoka mchana, hakuonekana na wanaume, hakwenda kisimani wala shambani. Ndani humo alikuwa na kungwi na somo wake, na kwa Wazaramo na Wakwere alipewa mwana hiti, sanamu dogo la mti alilolitunza kama mtoto, akilipaka mafuta na kulilaza. Aliimbiwa, akafumbiwa mafumbo, akapelekwa kwenye mti wa mkole akafundishwa mambo ya mwili, uzazi, heshima na maisha ya ndoa. Zamani ukaaji huo ulikuwa wa miezi mingi, hata mwaka na kupita. Siku ya kutolewa nje alibebwa mabegani, amepambwa, ngozi inang'aa kwa kukosa jua, na kijiji kizima kilitoka kumtazama.

Naanza na mwali kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wa pwani hawathamini elimu ya mtoto wa kike. Maneno hayo yanasemwa kwenye semina, yanasemwa na maofisa wanaopangiwa kazi Bagamoyo kutoka bara, na wakati mwingine yanasemwa na sisi wenyewe wa pwani tukijilaumu. Ukitazama vizuri utaona kwamba jamii hii ilikuwa tayari kumwondoa binti kazini kwa mwaka mzima, imlishe, imlinde, na kumwekea walimu wanawake waliobobea, ili afundishwe. Ni jamii chache zilizotumia gharama kubwa namna hiyo kwa ajili ya mafunzo ya msichana. Hoja yangu katika sura hii inatoka hapo: tatizo la binti wa ukanda huu leo halipo kwenye nia ya wazazi kama tunavyodhani. Lipo kwenye saa anazokuwa njiani, na kwenye mahali anapolala.

Elimu ya kitabu ilifika Bagamoyo mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Chuo cha Kurani kilikuwapo karne na karne. Mtu wa Dunda, Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, amekieleza pamoja na unyago, yaani hayo mafunzo ya mwali, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mabinti nao walisomeshwa, wengi wao na bibi mwalimu ndani ya nyumba, ingawa waliofika mbali katika elimu ya dini walikuwa wachache. Mwaka 1868 wakaja mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, wakajenga misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki. Haukupita muda mrefu masista nao wakafika kuwalea wasichana. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wavulana walijifunza useremala, uhunzi na kilimo. Wasichana walijifunza dini, kushona, kupika na kulima, kisha wakaozwa kwa wavulana hao na kupelekwa kuanzisha vijiji vya Kikristo. Sisemi hivyo kuwadharau masista wale, ambao wengi walikufa kwa homa wakiwa vijana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba shule ya kwanza ya wasichana katika pwani yetu ya bara ililenga kutoa wake, kama unyago ulivyolenga, na ilimweka binti ndani ya ukuta, kama unyago ulivyomweka.

Katika miaka ya 1890 Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyefadhili misafara na hospitali, aliwapa Wajerumani jengo la shule mjini Bagamoyo. Jengo hilo leo ni Shule ya Msingi Mwambao. Serikali ya Wajerumani ilitaka makarani, wakalimani na maakida, na kazi hizo zilikuwa za wanaume. Binti hakuwa na kiti katika hesabu hiyo. Ng'ambo, Unguja, ilibidi kusubiri hadi 1927 ndipo serikali ikafungua shule ya wasichana, yenye walimu wanawake, na wazazi waliokuwa na wasiwasi wakaanza kuwaleta binti zao kidogo kidogo.

Habari ya Bibi Titi Mohamed inaonyesha vizuri mambo yalivyokuwa upande wa bara. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akapelekwa shule akiwa mdogo, akafika darasa la nne. Alipovunja ungo akawekwa ndani, na alipotoka aliolewa akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Shule ikaishia hapo. Mwanamke huyo huyo, katika miaka ya 1950, alisimama mbele ya maelfu ya watu akiwahutubia bila karatasi, na wanawake wa mjini wakamfuata kuingia TANU. Watu humtaja kama mfano wa kwamba mtu anaweza kufika mbali bila shule ndefu. Mimi humtaja kwa sababu nyingine. Nawaza ni wangapi wa rika lake walikuwa na akili kama yake, wakatolewa darasani wiki hiyo hiyo ya ungo, na hakuna aliyepata kuwasikia.

Baada ya Uhuru serikali ililishughulikia suala la elimu kwa nguvu ambayo kizazi cha leo hakiwezi kuikadiria. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wanawake wa pwani wakakaa chini ya miembe jioni na daftari mapajani, watoto wamelala ubavuni. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 kila mtoto wa umri wa shule alitakiwa awe darasani. Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya kuwa kosa kumzuia. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1975 na 1979, Swantz alirudi ukanda huu na watafiti wa Kitanzania na wa Finland katika mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo. Mradi huo ulishika msimamo kwamba wanakijiji wenyewe ni watafiti wa maisha yao, wala si watu wa kuhojiwa na kuachwa.

Katika miaka hiyo ya shule ya lazima ndipo mila na sheria zilipogongana uso kwa uso. Mwali aliyewekwa ndani mwaka mzima, mbele ya mtendaji alikuwa mtoro. Wazee wa pwani walifanya jambo ambalo halikuandikwa sana na linastahili kuandikwa: walikata muda. Mwaka ukawa mwezi, mwezi ukawa wiki za likizo ya Juni au ya Desemba. Ngoma ya mwali ikafuata kalenda ya shule. Bado leo ukipita vijiji vya Bagamoyo wakati shule zimefungwa utasikia ngoma, na ukipita shule zimefunguliwa utakuta kimya. Watu walioambiwa kuwa hawataki elimu ndio waliopunguza jambo lao la thamani kubwa ili mtoto asikose vipindi. Lakini walipolipunguza, kuna kitu kilipungua pamoja nalo, na hatujakirudisha mahali popote: ule ulinzi wa karibu, wa mchana na usiku, katika miaka mitatu au minne baada ya ungo.

Tuje Bunju ya leo. Mikorosho imebaki michache. Barabara ya Bagamoyo imekuwa mfereji wa watu: kutoka Mwenge hadi Tegeta, Boko, Bunju A, Bunju B, kisha unavuka mpaka wa mkoa kuingia Mapinga, Kerege, Zinga, hadi Bagamoyo mjini. Mashamba ya wenyeji yamekatwa viwanja. Watumishi wa serikali na wafanyabiashara wamejenga nyumba za ghorofa zenye kuta na geti, na kati ya kuta hizo wanaishi wale waliouza ardhi, walinzi wa viwanja vya watu, mafundi ujenzi, mama lishe, wapasua kokoto wa Kunduchi, wachuuzi wa samaki. Ni mji usiokamilika, nusu shamba nusu jiji. Binti wa huku hana tena jirani anayemjua mama yake na bibi yake, na bado hana taa ya barabarani wala kituo cha basi kilicho karibu na nyumbani.

Kwa takwimu za taifa vita ya kuandikishwa imekwisha. Katika shule za msingi wasichana na wavulana wanalingana, na kidato cha kwanza wasichana sasa ni wengi kuliko wavulana. Shule za kata zilizoenea kuanzia 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) zilileta sekondari mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuiota. Waraka wa mwishoni mwa 2015 uliondoa ada kuanzia Januari 2016. Zile shilingi 20,000 za mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka na 70,000 za wa bweni zikafutwa. Mtu akisoma takwimu hizo peke yake atadhani kazi imebaki ndogo. Endelea hadi kidato cha tano na cha sita, uone jinsi wasichana wanavyopungua kuliko wavulana. Wanapotelea wapi?

Wanapotelea barabarani, na nina maana ya barabara yenyewe, ya lami.

Fuata siku moja ya binti wa kidato cha pili anayekaa ndani kidogo ya Bunju au Mapinga. Mama yake ametoka alfajiri kuwahi samaki sokoni, au kwenda kufanya usafi kwenye nyumba ya mtu Mbezi Beach. Binti ndiye anayeamsha wadogo zake, anachota maji, anafagia, anawavalisha, kisha anaanza safari. Kutoka nyumbani hadi lami ni kutembea. Lami kwenyewe daladala zimejaa watu wa kazini, na konda anajua kwamba mwanafunzi analipa nauli pungufu, kwa hiyo anamwacha, anapakia mtu mzima. Daladala ya pili hivyo hivyo. Saa moja inapita. Shuleni akichelewa kuna adhabu. Pembeni pale kituoni kuna bodaboda, kijana anayemfahamu kwa sura, ambaye anampa lifti leo bila kudai kitu, na kesho, na wiki nzima.

Mchana, ikiwa wazazi wa shule yake hawajakubaliana mchango wa chakula, anakaa na njaa mpaka saa tisa au kumi. Chipsi za kijana yule zinanukia langoni. Jioni kuna tuisheni kwa anayetaka kufaulu, kwa sababu walimu wa hesabu na sayansi katika shule nyingi za kata hawatoshi, na tuisheni inaisha giza limeingia. Yale yote ambayo mwali alikingwa nayo, yaani njaa, giza, kazi nzito, macho ya wanaume na kukosa mtu mzima wa kike wa kumuuliza, binti huyu anakutana nayo kila siku ya Mungu akiwa na miaka 14. Halafu akipata mimba tunamwita mhuni.

Hedhi nayo ina hesabu zake. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga, pakiti moja ni pesa ya mboga. Shule yenye choo kisicho na maji inafanya zile siku chache za mwezi kuwa siku za kubaki nyumbani. Siku zikijumlishwa kwa mwaka ni wiki nzima za masomo, na mwalimu wa zamu anaandika "mtoro".

Sasa geuza uso, utazame upande wa pili wa ukuta. Ukanda huu huu una baadhi ya shule bora za wasichana nchini. Pale Bagamoyo kuna Marian, iliyoanzishwa na mapadri wale wale wa Roho Mtakatifu chini ya juhudi za Padri Valentine Bayo, na Mapinga kuna Baobab. Kabla Baraza la Mitihani halijaacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, Marian ilikuwa ikitajwa mara kwa mara katika orodha hiyo ya taifa. Wasichana wanatoka Mwanza, Arusha na Mbeya kuja kulala kwenye ardhi ya Wazaramo na Wakwere, wanasoma, wanafaulu, wanakuwa madaktari na wahandisi. Nawafurahia kwa dhati. Lakini ada ya shule kama hizo ni mamilioni kwa mwaka, na binti wa aliyeuza kiwanja ambacho shule imejengwa juu yake anapita nje ya ukuta akielekea shule ya kata.

Kinachofanya shule hizo zifaulu si siri. Walimu wazuri wapo, maabara zipo, mchujo wa kuingia upo. Ila ondoa hayo yote, ubaki na kitanda, taa, maji, chakula cha saa maalumu, kengele, na matroni anayemjua kila msichana kwa jina na anayeamka usiku akisikia kilio. Hayo peke yake yanampa binti saa tano au sita kwa siku ambazo mwenzake wa nje anazipoteza kwenye ndoo ya maji na kituo cha daladala. Bweni ni ule ule ukaaji wa mwali. Binti anawekwa ndani, anaondolewa kazi za nyumbani, anazungukwa na wanawake wenye dhamana naye, anafundishwa, kisha ana siku yake ya kutoka mbele ya watu akishangiliwa. Bibi zetu wa Bunju wangelielewa bweni kwa dakika moja. Hawakupata kuonyeshwa kwamba lile jambo walilokuwa wakilifanya ndilo hili, na kwamba serikali inalijua, inalithamini, ila imeliacha kwa wenye uwezo wa kulipa.

Wananchi wenyewe wameliona. Katika kata nyingi za Pwani wazazi wamejaribu kujenga hosteli za wasichana kwa michango: tofali za huyu, mchanga wa yule, siku za nguvukazi. Nyingine zimekamilika. Nyingine zimesimama kwenye lenta, magugu yanaota ndani, kwa sababu kijiji kinaweza kupandisha ukuta lakini bati na vitanda vinakishinda. Pale ambapo hosteli haipo, wazazi wa mbali wanawapangia mabinti chumba mtaani karibu na shule. Vijana wanaita geto. Msichana wa miaka 15 anakaa peke yake na jiko la mkaa na mlango wa komeo moja. Kati ya mipango yote ya kumsaidia mtoto wa kike kusoma, huo ndio unaonitisha kuliko yote, na mzazi anayeufanya anaufanya kwa mapenzi, akijinyima.

Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa elimu ya sekondari, na sehemu ya fedha hizo imejenga shule za sayansi za bweni za wasichana, moja kwa kila mkoa. Ni jambo jema sana. Hata hivyo shule ya mkoa inachukua wale waliofaulu zaidi, na binti ninayemzungumzia hapa ni wa katikati. Ana akili ya kawaida, anaweza kupata daraja la pili akilala vizuri na sifuri akikaa geto. Kwa ajili yake ningependa fedha ziende kwenye mabweni madogo ya vitanda 40 au 60 ndani ya shule za kata zilizopo, yenye matroni anayelipwa mshahara wa kweli, ikiwezekana mwanamke wa hapo hapo, ambaye wazazi wanamjua ukoo wake.

Wapo wanaohofia kwamba kumfungia msichana ndani ni kumwadhibu kwa makosa ya wanaume. Hofu hiyo naiheshimu, na kwa kiasi kikubwa ni ya haki. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na sasa anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa anaweza kufungwa miaka 30. Kesi zenyewe huishia wapi? Kwenye mkeka, sebuleni, familia mbili zimeketi, zinayamaliza nyumbani. Kuna pesa inayotolewa, kuna ahadi ya posa, na shahidi wa msingi anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine mpaka kesi ife. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilifungua mlango mwingine kwa kuruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani. Mahakama Kuu ikasema Julai 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu hilo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Hukumu ni yetu sote, na kila sheikh, padri na mwenyekiti wa mtaa wa ukanda huu anapaswa kuijua kwa tarehe zake.

Wilaya ya Bagamoyo pia ndiyo iliyosikia kauli iliyozunguka dunia. Juni 22, 2017, akiwa katika ziara ya mkoa wa Pwani, Rais John Magufuli alisema wilayani humo kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kanuni za 2002 zilikuwa tayari zinawapa wakuu wa shule njia ya kumfukuza, kwa hiyo hakuanzisha jambo jipya. Lakini rais akisema hadharani, mkuu wa shule aliyekuwa akifumba jicho na kumruhusu mama mdogo arudi kimya kimya hakuthubutu tena. Kwa zaidi ya miaka minne, upimaji wa mimba shuleni, ambao ulikuwapo tangu zamani, ulikuwa hukumu ya mwisho. Binti aliyetoka pale hakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa madarasa ya nje ya mfumo kwa anayeweza kuyalipia.

Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi waliokatizwa masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Waraka uliofuata uliweka muda wa miaka miwili wa kurudi. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyopokewa kwa furaha, na nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini ruhusa ilishuka kwenye mikono ya mtu mmoja, naye ni mkuu wa shule. Yeye ndiye anayempokea binti ofisini, ndiye anayeamua kama atamwingiza darasani kwa upole au atamwonyesha wenzake kama fundisho. Bagamoyo ina nafasi ya pekee hapa. Ndipo ilipo ADEM, zamani ikiitwa MANTEP, wakala unaofundisha uongozi kwa wakuu wa shule wa nchi nzima. Mkuu wa shule kutoka Kigoma au Songea anakuja kukaa mita chache kutoka baharini kujifunza kazi yake. Ningetamani katika kila kozi pawe na siku moja ambayo makungwi wa Dunda na Kaole wanakaribishwa darasani, wawaeleze walimu hao jinsi ya kuzungumza na msichana aliyevunja ungo juzi, kwa maneno gani, akiwapo nani, na mambo gani hasemezwi mbele ya watu. Ujuzi huo upo mtaa wa pili kutoka lango la chuo. Hakuna cheti chake, na wenye ujuzi wanazeeka.

Kuna swali moja ambalo waraka wa 2021 haukulijibu, nalo ni la mtoto mchanga. Binti akirudi kidato cha tatu, nani anakaa na mtoto saa nane kwa siku? Jibu linalotolewa haraka ni bibi. Lakini bibi wa pwani ya leo ana miaka 38. Yupo majini Mlingotini akifunga kamba za mwani maji yakitoka, au yupo kwenye karai la mafuta akikaanga samaki, au anasuka makuti ya kuezekea hoteli za kitalii, na ana marejesho ya VICOBA kila wiki. Akikaa nyumbani kulea mjukuu, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo binti anayeruhusiwa na waziri kurudi shule anazuiwa na ratiba ya mama yake, na hakuna wa kumlaumu kati yao.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa Sweden, vimeanza kulijibu swali hili. Katika mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, vyuo hivyo vinapokea mama wadogo waliokatizwa masomo, vinawasomesha sekondari kwa muda mfupi pamoja na ufundi, na mtoto analelewa pale pale chuoni, chumba cha jirani, mama akinyonyesha kati ya vipindi. Shule ya kata ya Zinga au Kerege haihitaji kuwa chuo ili ifanye hivyo. Inahitaji chumba kimoja chenye sakafu safi, mikeka, maji, uji wa saa nne, na mlezi mmoja au wawili ambao halmashauri imekubali kuwaingiza kwenye bajeti yake kama inavyowaingiza walinzi. Kila halmashauri inapopanga bajeti yake, mkazi yeyote anaweza kumuuliza diwani wake chumba hicho kimewekewa shilingi ngapi.